Ushauri wakuu: gari ya kuosha vioo inatoka Dar kwenda Makete Julai, pampu na filta nizilinde vipi na barafu?

Baba Khairat
Habari za jioni wakuu, naombeni ushauri kabla sijamjibu mteja. Nafanya kazi ya kuosha vioo hapa Dar, nina Hiace ya mizigo, nyuma nimefunga tanki la lita 400, pampu ya volti 12 yenye betri yake, filta ya RO (ile inayosukuma maji kwenye utando mwembamba ili kuacha chumvi), chupa ya rezini ya kumalizia kusafisha maji, roli ya mpira na fimbo ndefu ya kaboni yenye brashi, maji yanatokea juu kwenye brashi unaosha ghorofa ya tatu umesimama chini bila ngazi. Wanaoijua hii kazi wanajua kila kitu kiko kwenye maji, yakiwa hayana chumvi wala chokaa unasuuza tu unaondoka, kioo kinakauka chenyewe bila doa.

Sasa kuna mteja wangu wa Mikocheni ana hoteli Njombe mjini na nyumba za wageni upande wa Makete, vioo kibao na paneli za sola juu, anataka nipeleke gari na vijana wawili mwanzoni mwa Julai. Hela ni nzuri, shida ni baridi. Hapa Dar mi napambana na jua na chumvi ya bahari, habari za maji kuganda sijawahi kuziwaza, ila ndugu yangu aliyekaa huko ananiambia kipupwe kikichachamaa maji yanaganda usiku mpaka kwenye bomba. Na gari italala nje uani. Pampu na filta ni za kuagiza, spea zake Kariakoo hazipatikani kila siku, zikipasuka kule kazi imekufa na vijana hawana kitu cha kupeleka nyumbani. Nifunike na turubai tu inatosha? Na kuna mtu kaniambia nitie kulanti ya rejeta kwenye tanki ili maji yasigande, ni sahihi?

Mkinga wa Bulongwa
Kaka karibu sana nyumbani, na ndugu yako hajakudanganya. Njombe mjini baridi ipo lakini usiku mwingi haifiki kugandisha, kazi iko Makete hasa ukipanda kuelekea Kitulo, kule juu unavuka mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai ukiacha beseni la maji nje asubuhi unakuta juu limeshika barafu unaweza kuinyanyua kwa vidole ukaona upande wa pili, na majani ya viazi yameungua na sakitu, yaani umande ulioganda.

Jifunze kuangalia mbingu jioni. Zikiwa wazi, nyota zimejaa na upepo umetulia kabisa, huo usiku ndo wenyewe, joto lote la ardhini linapanda juu halina cha kulizuia. Kukiwa na mawingu mara nyingi mnapona. Baridi inakuwa kali zaidi alfajiri, kuanzia saa kumi na moja mpaka jua linatoka, kwa hiyo usije ukaangalia gari saa tano usiku ukaona maji yako sawa ukaenda kulala. Halafu usipaki bondeni, hewa ya baridi ni nzito inateremka inatulia chini, wakulima wetu wanajua shamba la bondeni linaungua la mlimani linabaki. Mwambie mwenyeji akupe sehemu ya juu juu, ubavuni mwa nyumba, upande ambao jua la asubuhi linafika mapema.

Fundi Pampu Gerezani
Mkuu turubai halileti joto, linachelewesha tu lililopo lisitoke. Kwanza tuelewe nini kinapasua. Maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kwa asilimia kama 9, na hayajali yamefungiwa kwenye nini, plastiki ngumu itapasuka na shaba itapasuka. Tanki la lita 400 usiliogope, maji mengi namna ile hayawezi kuganda yote usiku mmoja wa huko, labda juu yatashika kidogo. Kinachokufa ni vitu vyembamba vyenye maji kidogo, yaani kichwa cha pampu, kapla (viungio vya mpira), geji, nyumba za filta, vijitundu vya kwenye brashi, mpira ulioko nje.

Kwa hiyo kila jioni mkimaliza kazi fanyeni hivi. Funga koki ya tanki, chomoa mpira kwenye pampu, washa pampu iteme maji mpaka uisikie inakohoa hewa, iache sekunde chache hivi uzime, pampu za diaframu, zenye kiwambo cha mpira ndani kama hiyo yako, zinavumilia kukimbia kavu kwa muda mfupi. Bado kuna kamaji kanabaki ndani ya kichwa, kadogo tu ka kujaa kifuniko cha soda, na kale ndo kanapasua, kwa hiyo ilaze pampu upande au puliza na kompresa ndogo ya tairi. Koki zote ziache nusu wazi, maji yakibaki kwenye tundu la koki iliyofungwa hayana pa kutanukia. Fimbo isimamishe imwage maji yote, brashi ielekezwe chini.

Kulanti USITIE. Ile ya kawaida ina glaikoli, ni sumu, ng'ombe au mbwa akiinywa anakufa, halafu inaacha utando kwenye kioo na rezini yako unaiharibu. Chumvi pia hapana, umehangaika kuitoa kwenye maji unairudisha tena?

Kamanda wa Mbagala
Mbona rahisi mkuu, huko watu wanatumia mkaa. Washa jiko likolee vizuri, liweke nyuma ya gari kwenye bati, funga milango, asubuhi unakuta kumoto.

Mama Tunu
Baba Khairat samahani naomba usome hii mara mbili na vijana wako uwasomee. Mimi ni nesi. Jiko la mkaa kwenye sehemu iliyofungwa linatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, hausikii kukabwa. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, mtu anaumwa kichwa kidogo, anasikia usingizi, anajilaza na haamki tena. Kila msimu wa baridi watu wanakufa vyumbani kwa sababu hiyo, familia nzima unakuta wamelala. Na najua vijana wa kazi, wakiona gari ina joto na gesti ina baridi kuna mmoja ataenda kulala humo humo kulinda vifaa. Usiwashe mkaa ndani ya gari, usiwashe jiko la gesi, na usiache injini inaunguruma mtu amelala ndani.

Kamanda wa Mbagala
Dada kama mlango wa nyuma unaachwa wazi kidogo je?

Mama Tunu
Hapana kaka yangu. Mlango ukiwa wazi joto linatoka lote, hujapata faida, na gesi bado inaweza kujikusanya. Ongeza na moto wenyewe, hiyo gari ina mpira, plastiki na betri. Hakuna pampu inayofaa kubadilishana na mtoto wa mtu.

Mbongo Leeds
Nawasoma kutoka Uingereza, huku ndo kazi ninayofanya na kila mwaka Desemba mpaka Februari tunaishi na hili tatizo. Mama Tunu yuko sahihi asilimia mia. Sisi tunatumia hita ndogo ya umeme ya wati kama 500 yenye themostati, unaitega kwenye nyuzi 5 hivi, inajiwasha yenyewe baridi ikishuka, waya unatoka ndani ya nyumba mpaka kwenye gari. Zile za feni tunaziogopa kuziacha usiku kucha, zinaweza kushika moto. Gari yenyewe kwa ndani tunaiwekea foili na sponji ukutani na mlangoni, joto kidogo linakaa muda mrefu. Kama gesti ina umeme wa uhakika na soketi nzuri hiyo inafaa, ila umeme ukikatika saa nane usiku huna kinga, kwa hiyo kumwaga maji kwenye pampu alivyosema Fundi usikuache hata ukiwa na hita.

RO ndo ninayokuhurumia zaidi. Memburani, ule utando wake unaochuja, ikiganda inaharibika kwa ndani, kwa macho huoni kitu, unakuja kujua TDS (kiasi cha chumvi na madini kwenye maji) ikianza kupanda na vioo vinabaki na madoa. Halafu hata isipoganda, zile memburani viwango vyake vinapimwa kwa maji ya nyuzi 25, kila nyuzi inayoshuka unapoteza karibu asilimia 3 ya maji inayotoa. Kwa maji ya nyuzi 10 unakuta umebaki na nusu na kitu tu ya uliyozoea Dar, tanki litachukua muda mrefu kujaa.

Kosa tunaloona kwa wageni wa hii kazi ni asubuhi, mtu anakuta pampu imeganda anaiwasha kwa nguvu, au anamwagia maji yanayochemka. Usifanye hivyo, diaframu inachanika au fyuzi inaungua, na plastiki baridi ikipigwa na maji ya moto inapasuka. Zungushia kitambaa cha maji ya uvuguvugu, subiri.

Baba Khairat
Aisee nashukuruni sana, na Mama Tunu shikamoo, nimewasomea vijana na wamesikia. Kulanti nimeshaitoa kichwani. Sasa hii RO ndo imenichanganya, niiache Dar? Nikiiacha maji safi natoa wapi, na gesti ya Makete umeme unasumbua kwa hiyo hita siitegemei.

Mtu wa Maabara
Kaka RO iache Dar na usiwe na wasiwasi. Unaihitaji hapa kwa sababu maji yetu ya visima yana chumvi, kuna visima TDS inapita 1,000, ukipitisha hayo kwenye rezini tupu unaimaliza mara moja. Maji ya milimani kule mara nyingi ni laini, yanatoka kwenye mvua na mawe yasiyoyeyusha chumvi nyingi. Chukua kipimo chako cha TDS, mtu wa huko akuchotee chupa akutumie kwa basi au pima mwenyewe ukifika, yakisoma chini ya 100 rezini peke yake inakutosha kazi nzima, beba na mfuko mmoja wa akiba. Chupa ya rezini nayo usiiache igande, zile punje zinaweza kupasuka, ila inabebeka, ilale chumbani na wewe. Na RO inayobaki, kama hakuna atakayeitumia hapa muda wote huo, usiiache na maji yamekaa tu, ihifadhi na dawa yake ya sodiamu metabisalfaiti asilimia 1 isiote ukungu.

Fundi Pampu Gerezani
Naunga mkono. Na pampu hiyohiyo, ina skrubu nne na waya mbili, weka kapla za kuchomoa haraka kabla hujaondoka Dar, jioni unaichomoa inaingia chumbani kwenye begi pamoja na rezini. Haitaganda ukiwa umelala nayo. Kwa vinavyobaki kwenye gari, nunua godoro bovu la sponji, kata, zungushia tanki na roli ya mpira kwa pamoja chini ya blanketi moja. Maji ya tanki yenyewe yana joto, lita 300 za nyuzi 12 mpaka zishuke sifuri zimetoa joto jingi sana, sasa lile joto lipite kwenye mpira na kapla kabla halijatoka nje. Usiku ule mbaya aliousema Mkinga omba jikoni madumu mawili ya lita 20 ya maji ya moto, yasiwe yanachemka dumu litalainika, yaingize chini ya blanketi. Joto lake likitoka lote ni kama hita ya wati 300 imewaka masaa nane, na hakuna moshi wala umeme.

Betri ijazwe chaji kila jioni. Betri iliyojaa haigandi kwa baridi ya huko, iliyokwisha ndo inaganda kirahisi.

Suka wa Tunduma
Bro kuna kitu hakijasemwa. Toka Dar tanki likiwa TUPU. Lita 400 ni kilo 400, na likiwa nusu ndo baya zaidi maji yanasukumana humo ndani, pale Kitonga kona moja gari inakuvuta upande. Maji jaza ukifika.

Baba Khairat
Sawa suka, tupu mpaka Njombe. Swali la mwisho wakuu, asubuhi tuanze saa ngapi? Dar tunaanza saa kumi na mbili na nusu kukwepa jua, na paneli za sola najua mchana zikiwa za moto huwezi kuzimwagia maji baridi, kioo kinaweza kupasuka.

Mbongo Leeds
Kule geuza ratiba. Kioo chenye barafu usikiguse na brashi wala kuikwangua, na usilete maji ya moto kukiyeyushia, inapasuka vilevile. Subiri iyeyuke yenyewe. Vioo vya chini mnavyoosha kwa mkono tieni spiriti kidogo kwenye ndoo, maji hayatagandia kioo, lakini kwenye tanki la fimbo usitie kitu. Na angalia maji yanapotiririkia, kwenye sementi yenye kivuli yanaweza kuganda na mgeni wa hoteli akateleza, weka kijana mmoja na fagio ayafagie.

Mkinga wa Bulongwa
Saa tatu asubuhi jua linakuwa limeshashika upande wa mashariki, sakitu yote imeisha. Anza na paneli hapohapo kabla hazijapata moto, saa tano uwe umeshuka, halafu vioo vya upande wa mashariki, magharibi mchana. Saa kumi jioni funga kazi, mpate muda wa kumwaga maji kwenye mpira kukiwa bado na mwanga, vidole vikishapata baridi kufungua kapla ni shughuli. Waambie vijana wabebe glavu za mpira na soksi nzito, hizo za Kariakoo nyepesi hazitawafaa.

Baba Khairat
Nimempigia mteja sasa hivi, nimekubali kazi. Kaongeza na stoo yake ya viazi, ina mlango mpana, kasema usiku gari iingie humo.

Mkinga wa Bulongwa
Hapo umemaliza kaka. Pima tu urefu wa mlango na keria ya fimbo juu kabla hujaondoka.