Nembo ya Fairtrade: haki inaishia kwenye mzani wa AMCOS?

Mkulima wa Igamba (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Nina ekari mbili na robo za kahawa huku Mbozi. Juzi kwenye mkutano wa chama chetu cha msingi cha ushirika (AMCOS) tumebishana karibu saa tatu juu ya fedha za nyongeza za Fairtrade, ule mpango wa biashara ya haki: tujenge vichanja vipya vya kuanikia, au tumalizie darasa la shule ya msingi. Vichanja vikashinda. Natoka nje, chini ya mparachichi wamekaa kina mama watatu walionichumia msimu uliopita. Mmoja nilikuwa sijammalizia hela yake. Akaniuliza, "Sisi mmetuamulia nini?" Nikababaika. Hawakuwemo hata kwenye ajenda.

Kwa wasiojua mpango wenyewe: nembo ilianza Uholanzi mwaka 1988 kwa jina la Max Havelaar, kwa kahawa ya wakulima wadogo wa Mexico. Mnunuzi anayeitumia anabanwa na mambo mawili. Kwanza bei ya chini. Kwa kahawa aina ya arabika iliyooshwa ni dola 1.80 kwa ratili tangu Agosti 2023, na ratili haifiki nusu kilo. Kabla ya hapo ilikuwa dola 1.40 tangu 2011. Soko likipanda juu ya hapo, analipa bei ya soko. Na muelewe hiyo ni bei ya kahawa iliyokwisha kupakiwa melini, siyo inayotufikia huku baada ya usafiri, kukoboa na makato yote. Pili kuna nyongeza ya senti 20 kwa kila ratili. Hii haigawiwi mtu mmoja mmoja. Inaingia akaunti ya chama, wanachama wanapiga kura, na senti tano kati ya hizo lazima ziende kwenye tija na ubora.

Sasa twende kwenye debe. Debe la kahawa mbivu ni kama kilo 12. Kilo sita za mbivu zinatoa kilo moja safi, kwa hiyo debe ni kilo mbili safi. Nyongeza ya kilo mbili ni kama senti 88 za dola, na dola ikiwa shilingi 2,500 hiyo ni shilingi 2,200. Mimi msimu uliopita nililipa uchumaji shilingi 2,000 kwa debe. Yaani nyongeza peke yake imezidi ujira wa aliyechuma, na yeye hana kura.

Bei ya chini naitetea. Ila hiyo haki naona inafika kwenye mzani wa AMCOS inakaa chini. Anayenipinga aje na hoja.

Kijana wa Mlowo

Shikamoo mama. Nakupinga hapo hapo unapotetea. Hiyo bei ya chini imekusaidia lini? Februari 2025 soko la kahawa la New York lilipita dola 4 kwa ratili. Dola 1.80 hapo ni ya nini? Walanguzi walikuja na pikipiki mpaka shambani, hela taslimu, kahawa ikiwa bado mtini. Mimi niliuza, sioni aibu kusema, mtoto alikuwa anatakiwa shule. Nyie mkabaki mnasubiri mnada na malipo ya awali.

Mkulima wa Igamba

Marahaba mwanangu. Wewe mwaka 2001 ulikuwa unanyonya, ndiyo maana. Bei New York ilishuka chini ya senti 50 kwa ratili. Waliokuwa na mkataba wa nembo walishikiliwa kwenye dola 1.21, mbali na nyongeza. Chama chetu hakikuwa na cheti. Baba aliingia shambani na shoka, mimi nikiwa nashika kamba ya kuvutia visiki. Mbuni haung'oki kirahisi, mzizi unakwenda chini kweli. Tulitoa safu nne kwa siku tatu, tukapanda mahindi. Baba hakusema neno siku zote tatu, na alikuwa mtu wa maneno mengi. Bei ilipokuja kupanda tukaanza upya na miche, miaka mitatu hujachuma kitu cha maana.

Na usidhani ni habari ya zamani, 2019 ilishuka tena chini ya dola moja. Na huyo wa pikipiki mwaka wa namna hiyo humuoni.

Kijana wa Mlowo

Sawa, la visiki nimekubali. La mchumaji tusubiri.

Karani wa Chama

Mama mleta mada, heshima kwako, lakini hesabu yako imeruka kitu. Nyongeza hailipwi kwa kila gunia tunalokusanya. Inalipwa kwa gunia lililonunuliwa na mnunuzi wa nembo. Tukikusanya magunia mia naye akataka thelathini, yale sabini yanakwenda kama kahawa nyingine yoyote. Gharama za cheti na ukaguzi lakini ziko palepale kwa yote mia. Kuna wachumi walifuatilia ushirika wa kahawa wa Guatemala wakatoa matokeo mwaka 2015: vikundi vilivyopata cheti vilikuwa vingi kuliko kahawa ambayo wanunuzi wa nembo waliihitaji, faida ikagawanyika mpaka karibu ikaisha. Mimi sikuhitaji kwenda Guatemala. Daftari liko mezani hapa.

Halafu kazi yenyewe. Mkaguzi anataka kumbukumbu ya dawa ya chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa: nani kapiga, lini, chupa tupu imetupwa wapi. Juu ya hapo Umoja wa Ulaya una sheria ya kukataa kahawa iliyotoka kwenye ardhi ambayo msitu wake ulikatwa baada ya Desemba 31, 2020. Utekelezaji wameusogeza mbele zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi walishaanza kudai ramani. Nimezunguka mashamba ya watu na simu mkononi kuchukua alama za mipaka. Mbwa wawili wamenichania suruali. Hiyo haimo kwenye nyongeza.

Mama Majani, Rungwe

Ndaga kwa mjadala. Nyie wa kahawa mna bahati ya kuhifadhi. Mie nachuma chai Tukuyu, na jani likishachumwa halingoji. Kuna kiwanda (sikitaji) tulichokuwa tunapelekea. Cheti kimetundikwa ukutani pale ofisini, kina fremu nzuri. Lori lilitakiwa kufika saa nane mchana kwenye banda la kupimia, siku hiyo likaja saa mbili usiku. Ukitia mkono ndani ya kiroba unasikia joto kama uji. Dereva akachagua, akakataa viroba vyangu viwili, akaondoka. Malipo ya mwezi ule nayo yalichelewa. Nani alikuja kukagua siku ile?

Na jambo lingine wengi hawalijui. Kwa kahawa, sheria ya Fairtrade inataka ya nembo itenganishwe mpaka mwisho. Kwa chai inaruhusiwa kuchanganywa kiwandani, mradi kiasi kinachouzwa na nembo kisizidi kiasi kilichonunuliwa kwa masharti hayo. Kwa hiyo mzungu anaweza kunywa chai yenye nembo ambayo jani lake halikutoka kwa mwenye cheti. Silalamiki sana, hela inahesabika hata hivyo. Ila wanaosema "ukinywa unamshika mkono mkulima", huo mkono ni wa nani?

Mtoto wa Iringa, yuko Leeds, Uingereza

Kamwene. Niseme kwa upande wa wanywaji wa kahawa na chai, maana ndiko niliko. Watu wa huku si wabaya. Kuna jaribio lilifanyika kwenye maduka 26 ya Marekani: kahawa ileile, nembo ikabandikwa, mauzo yakapanda kwa karibu asilimia kumi. Ile ya bei ya juu hata walipoiongezea bei watu waliendelea kununua. Ile ya bei nafuu walipoipandisha, wateja wakahama. Huruma ipo, ila yenye mfuko mdogo inapungua mapema. Mimi mwenyewe mwisho wa mwezi nachukua ya bei rahisi, nisidanganye.

Mwenye duka naye anajua nguvu ya nembo. Mwaka 2017 Sainsbury's, wenye maduka makubwa ya huku, waliitoa Fairtrade kwenye chai yao wakaja na mpango wao wenyewe, fedha za nyongeza zisimamiwe na mfuko wao. Vikundi vya wakulima wa chai wa Afrika walipinga: hela yetu, kwa nini tuiombe? Kwa hiyo Mama Majani, hiyo kura mnayoiona ndogo kuna watu wanaitamani.

Kuhusu mchumaji, mleta mada hajakosea. Watafiti wa chuo cha SOAS cha London walitoa ripoti mwaka 2014 kuhusu Ethiopia na Uganda. Walikuta vibarua kwenye maeneo yenye ushirika wa Fairtrade wanalipwa kidogo kuliko vibarua wa maeneo mengine waliyoyalinganisha. Fairtrade walijibu kwamba ulinganisho haukuwa sawa, umeweka wakulima wadogo pamoja na mashamba makubwa. Jibu hilo lina uzito, mkulima wa ekari mbili si kampuni. Lakini Costa Rica nako utafiti wa baadaye ukaonyesha faida kwa wenye mashamba, na vibarua wasio na ujuzi hawakuambulia kitu.

Kijana wa Mlowo

Sasa mnataka mkulima anayekopa mbolea aitwe mwajiri? Mchumaji mwenyewe ana shamba lake, akimaliza kwangu anakwenda kwake. Wote sisi ni maskini, tunazidiana madebe tu.

Nachuma

Nimesomewa haya kwa simu ya mwanangu na yeye ndiye anaandika. Mimi sina shamba. Nilikuwa nalo tukaliuza kuuguza mume.

Mnabishana juu ya nyongeza. Mimi kwanza nataka debe. Huyu mama anaandika debe kilo 12. Kwake debe lina nundu. Linajazwa, linatingishwa lishuke, linajazwa tena mpaka matunda yanamwagika pembeni, na yaliyomwagika yanaokotwa yanarudishwa juu. Siku moja tulilipeleka kwenye mzani kwa utani tu, likasoma kilo 15. Ujira ni uleule.

Karani wa Chama

Kilo 15 ni kilo mbili na nusu safi. Nyongeza yake kwa hesabu ya mleta mada ni shilingi 2,750, kama imepata mnunuzi wa nembo.

Mkulima wa Igamba

Nundu ni kweli. Nimekaa na simu muda mrefu kabla ya kuandika hili. Ndivyo tulivyolikuta, mama yangu alijaziwa hivyohivyo alipokuwa anachuma kwenye mashamba ya walowezi, nami nikaliendeleza bila kufikiri. Dada, ile hela yako iliyobaki naileta kesho asubuhi, na msimu huu kwangu tutapima kwa kilo.

Kijana wa Mlowo, sikatai kwamba wote tu maskini. Lakini mimi ninapiga kura juu ya zile senti 20 na yeye hapigi. Karani, hebu tuambie: wanachama tukitaka, sehemu ya nyongeza inaweza kwenda kwa wachumaji?

Karani wa Chama

Inaweza. Masharti ya Fairtrade hayakatazi, nyongeza inaruhusiwa kuwanufaisha hata wafanyakazi na jamii. Lakini wanaoamua ni wanachama kwenye mkutano mkuu. Tangu nikalie kiti hiki sijapokea barua ya ajenda hiyo hata moja.

Kijana wa Mlowo

Na ikifika haitapita. Mtapigia kura vichanja tena.

Mkulima wa Igamba

Ikianguka ianguke kwa kura. Karani, barua naleta Jumatatu. Naomba ukague kidau cha muhuri, mara ya mwisho kilikuwa kimekauka ukanirudisha nyumbani.