Padre wetu amehama na kanisa limepasuka, mimi muumini wa kawaida nifuate upande gani?

Wa Magharibi
Habari zenu wakuu. Niko Kenya huku magharibi, kwetu ni Waothodoksi tangu babu. Kanisa letu ni dogo na siku zote limekuwa chini ya Patriaki (askofu mkuu kabisa) wa Aleksandria, Misri. Sasa padre wetu amehamia kwa Warusi, ile eksarkia (jimbo la kanisa lao) ya Afrika waliyoifungua mwisho wa 2021, ameondoka na karibu nusu ya watu na mke wake ambaye ndiye anafundisha kwaya kaenda na waimbaji wote wazuri. Funguo za kanisa anazo yeye kwa hiyo waliokataa wanasali kwenye darasa la shule ya msingi. Ibada ni ileile, nyimbo ni zilezile, kilichobadilika ni jina la patriaki anayetajwa kwenye liturgia basi. Swali langu, enzi za kanisa la kwanza watu wa kawaida walifanyaje mambo yakipasuka hivi, walifuata padre wao au walifuata askofu? Na mtoto akibatizwa na padre aliyehama ubatizo unashika? Usiku sipati usingizi. Naomba ushauri wa maana, matusi hapana.

Chuma Chakavu
Fuata mwenye funguo mkuu, masika yakianza utaelewa 😂😂

Ndg Sabato
Wote mlishapotea kabla hata ya Warusi. Kaisari Konstantino alitoa amri ya kupumzika siku ya jua (Jumapili) mwaka 321 na makanisa karibu yote yakatulia kimya. Rudi kwenye amri ya nne, ya kushika Sabato, ndugu yangu, hayo ya patriaki gani anatajwa hayatakuhangaisha tena.

Ex Seminari
Mgawanyiko wenyewe wa Roma na Waothodoksi ni 1054. Kardinali Humbert aliingia Hagia Sofia pale Konstantinopoli tarehe 16 Julai ibada inaanza akaweka barua ya kumtenga Patriaki Mikaeli Kerulario juu ya altare akatoka zake. Na Papa Leo IX aliyemtuma alishafariki tangu Aprili! Ugomvi wao ulikuwa mkate wenye chachu na usio na chachu, maneno "na Mwana" ambayo Roma waliongeza kwenye Kanuni ya Imani, na mamlaka ya Papa. Mrudi Roma tu, mlango uko wazi.

Wa Magharibi
@Ex Seminari asante ila sikuuliza kuhusu Roma. Nimeuliza mtu wa kawaida, yule wa benchi la nyuma, alifanya nini.

Ex Seminari
Mwaka huo wa benchi la nyuma wengi hata hawakujua kama kuna kitu kimetokea. Waliokuja kujua vizuri ni wajukuu zao 1204, wanajeshi wa msalaba walipoiteka Konstantinopoli na kupora makanisa. Hapo ndipo Mgiriki wa kawaida alipokata moyo kabisa na Roma.

Mswahili Pwani
Mimi si Mkristo ila nasoma uzi. Nilidhani kanisa la mwanzo lilikuwa kitu kimoja kisha tamaa za wakubwa ndo zikaja kuharibu?

Msomaji wa Zamani
Hapana ndugu yangu, magomvi yalikuwepo tangu kanisa likiwa changa kabisa. Soma 1 Wakorintho 1, barua ya miaka ya 50 hiyo, watu wanasema mimi ni wa Paulo, mimi ni wa Apolo, mimi ni wa Kefa (yaani Petro). Na huyo Apolo ni mtu wa Aleksandria, Matendo 18 inasema wazi, kwa hiyo Aleksandria imo kwenye mabishano ya Wakristo tangu siku za mitume.
Ila lilikua, na linalonigusa ni nani walilikuza. Antiokia, mji ambao waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, waliowahubiria Wagiriki ni watu wa Kupro na Kirene waliokimbia mateso, hata majina yao Luka hakuyaandika. Kirene ni Libya ya leo. Karthago, Tunisia ya leo, mwaka 180 walihukumiwa watu 12 kutoka kijiji cha Scilli, wanaume na wanawake, wamebeba nyaraka za Paulo kwenye kijisanduku. Wanakijiji hao, sio maaskofu! Baadaye tauni ilipopiga huko huko, Askofu Kipriano akawahimiza waumini wawahudumie wagonjwa hata wasiokuwa Wakristo, wakati watu wanawatupa ndugu zao barabarani. Kanisa lilikua kwa mikono ya watu kama wewe @Wa Magharibi, kwa hiyo usijiite wa kawaida kana kwamba uamuzi wako hauna uzito.
Sasa kuhusu ubatizo, kesi yako ilishasikilizwa Afrika hii hii. Mwaka 303 Kaisari Diokletiano alianza kuwasaka Wakristo na kuamuru Maandiko yasalimishwe yachomwe. Wapo waliokataa wakauawa na wapo viongozi waliotoa. Dhiki ilipopoa Karthago wakamweka Kaisiliano kuwa askofu, kundi kubwa likamkataa, wakasema mmoja wa maaskofu waliomwekea mikono alisalimisha vitabu kwa hiyo uaskofu wake si kitu na ubatizo wake ni maji tu. Wakaweka askofu wao, na baada yake akaja Donato ambaye ndo wakaitwa kwa jina lake. Halafu usidhani ni kakundi ka sebuleni, walipokutanishwa Karthago mwaka 411 kila upande ulileta maaskofu zaidi ya 200, miji mingi ilikuwa na maaskofu wawili wasiosalimiana. Askofu Agostino wa Hippo akawajibu kwamba ubatizo ni mali ya Kristo, hata akibatiza Yuda anayebatiza ni Kristo. Kwa hoja hiyo mtoto wako ubatizo wake unashika. Ila nisikufiche, Kipriano niliyemtaja, aliyekatwa kichwa 258, yeye alishikilia kwamba nje ya kanisa hakuna ubatizo na alibishana na Stefano askofu wa Roma juu ya hilo, na nyie Waothodoksi mnamheshimu sana Kipriano. Kwa hiyo muulize askofu, usituulize sisi.
Na Agostino huyo huyo mwishoni akakubali serikali iwalazimishe Wadonato kurudi. Hapo simfuati kabisa.

mama_Tofa
Mimi ni Mothodoksi, nipo Kagera, na hili jambo linaniumiza kweli. @Wa Magharibi mwanangu, umeuliza vizuri lakini kuna kitu umekikalia. Hujasema mkeo anasali wapi. Hujasema wewe Jumapili iliyopita ulikuwa wapi, darasani au kanisani?

Wa Magharibi
Shikamoo mama. Mke wangu yuko darasani na mama yangu mzazi. Mimi nimekuwa naenda kwa padre. Lakini si kwamba nimeamua, ni kwa vile mimi ndiye msomaji wa nyaraka pale na nikiacha hakuna mwingine anayesoma vizuri.

Kiambu Halisi
Acheni niwaambie vijana. Nyanya yangu alikuwa kwa hizi kanisa za Wagikuyu waliotoka kwa wamishonari wakajenga zao na shule zao. Hawakuwa na padre, ikabidi waite Askofu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, akaja 1935 akawafundisha vijana wakawa mapadre. Kisha ikaja Imajensi 1952, serikali ya mkoloni ikafunga makanisa yote hayo na shule, ati ni ya Mau Mau. Nyanya alikuwa anaomba kwa nyumba na wenzake wakiwa wameweka mtoto mlangoni aangalie homugadi, wale walinzi wa upande wa mkoloni. Hakuna padre, hakuna jengo, hakuna funguo za kushikana mashati. Miaka! Na hawakwenda kwa mwingine. Ndio maana nikisikia mtu anasema watu wako kwa darasa, mimi nasema darasa ni kanisa ya kutosha.

Fundi Bomba
Samahani wakuu ila hii ni CHAI. Tena ya maziwa. Padri ana mke anafundisha kwaya?? Padri gani huyo? Halafu mwanzo jamaa kasema muumini wa kawaida, kubanwa kidogo tu kawa msomaji wa kanisa. Huyu anatengeneza stori wapate watu wa kubishana.

Chuma Chakavu
Hahaha na mimi nilijiuliza, leteni vitafunwa

Ex Seminari
@Fundi Bomba kwenye mke umekosea, padri wa Kiothodoksi anaruhusiwa mke ilimradi ameoa kabla ya kuwekewa mikono. Askofu ndo haoi. Ila kwenye hilo la pili naungana na wewe, maelezo yanabadilika badilika.

Fundi Bomba
Sawa la mke naliondoa. Bado eksarkia ya Warusi Afrika, Mrusi na sisi wapi na wapi? Watu wanatunga.

mama_Tofa
Hajatunga. Oktoba 2018 Kanisa la Moscow lilivunja ushirika na Patriaki wa Konstantinopoli kwa sababu ya Ukraine. Januari 2019 Konstantinopoli ikawapa kanisa la Ukraine uhuru wake. Novemba mwaka huo Patriaki Theodoro II wa Aleksandria naye akalitambua. Moscow wakasema Aleksandria imeungana na waasi, na tarehe 29 Desemba 2021 wakafungua eksarkia yao wakapokea makasisi 102 kutoka nchi nane za Afrika, kwa siku moja. Kitu cha Ukraine na Urusi kimekuja kuwagawa watu wa shamba la mahindi ambao Kiev hawajawahi hata kuiona kwenye ramani. Mimi nimelia kwa ajili ya hili, msiniambie ni chai.
Na @Wa Magharibi bado hujasema lote.

Wa Magharibi
Basi niseme. Jina langu limepelekwa kwa ajili ya masomo. Seminari, Urusi. Padre ndiye aliyeniandikia barua na pasipoti nishapata. Sikusema mwanzo kwa sababu nilijua mtasema nimenunuliwa. Sijanunuliwa. Nimekuwa nikitaka upadre tangu nikiwa kijana mdogo na kwa miaka yote hakuna aliyeniita hata kwa mahojiano. Sasa mtu ameniita.

Fundi Bomba
Eheeee. Kumbe.

Chuma Chakavu
Uzi ulianza na ubatizo wa mtoto umefika uwanja wa ndege

Msomaji wa Zamani
Sitasema umenunuliwa maana moyo wako siuoni. Nitakupa kisa kimoja tu. Karibu mwaka 347 Kaisari Konstante alituma watu wawili Afrika, Paulo na Makario, na fedha za kugawa kwa makanisa na maskini, nia ikiwa kuwaunganisha Wadonato na wenzao. Donato akawajibu, "Kaisari ana nini na kanisa?" Akakataa. Baada ya fedha walikuja askari. Huko sijasema Warusi watakuja na askari, nasema mkono unaotoa una mwenyewe, mjue.

Wa Magharibi
Kaka kwa heshima, mbona hilo mnalisema leo tu? Seminari ya Riruta pale Nairobi ilianzishwa na Makarios III, na alikuwa askofu mkuu wa Kupro na rais wa nchi kwa wakati mmoja. Hakuna aliyeuliza Kaisari ana nini na kanisa. Mapadre wetu wamesomeshwa Ugiriki miaka yote. Ya Wagiriki ni baraka, ya Warusi ni rushwa?

Kiambu Halisi
Hapo kijana amegonga. Sipendi lakini amegonga.

mama_Tofa
Hoja yake ina nguvu na mimi siikatai, wakubwa wetu wametuchukulia kama watoto muda mrefu, hilo tuliseme bila kuogopa. Lakini mwanangu, Makarios hakuja kuvunja altare iliyopo. Alikuja kwa kibali cha Aleksandria. Mtaguso wa maaskofu wa Nikea 325, kanuni ya 15 na 16, padre asihame mji wake na askofu mwingine asimpokee bila ruhusa ya askofu wake. Kanuni ya 6 inaipa Aleksandria mamlaka yake, Misri, Libya na Pentapoli. Mababa waliona haya haya tunayoyaona.

Ex Seminari
Misri, Libya na Pentapoli, mama. Kenya haimo kwenye kanuni ya 6. Hiyo "na Afrika yote" kwenye cheo cha patriaki ilikuja baadaye.

mama_Tofa
Kenya haikutajwa lakini waliotupokea mwaka 1946 tulipobisha hodi ni Aleksandria, Uganda na Kenya. Akina Reuben Spartas Mukasa wa Uganda waliandika barua miaka na miaka. Moscow haikuwepo.

Msomaji wa Zamani
@Wa Magharibi nijibu swali lako la kwanza sasa, maana limezungukwa tu. Kwenye mtaguso wa Kalkedoni 451, Dioskoro patriaki wa Aleksandria akavuliwa, akawekwa Proterio mahali pake chini ya ulinzi wa askari. Wamisri wengi, watawa na watu wa vijijini, hawakumfuata. Mwaka 457 Kaisari Markiano alipofariki umati ukamuua Proterio. Kwa hiyo watu wa kawaida hawakufuata padre wala askofu kwa upofu, walifuata waliyemwona anaungama imani ya baba zao, na ndio Wakopti hadi leo. Kiti cha Marko, yaani Aleksandria, mpaka sasa kina patriaki wa Wakopti na patriaki wa Wagiriki. Ila pale walikuwa wanabishana juu ya Kristo mwenyewe, asili moja au mbili. Kwenu mnabishana juu ya nini kuhusu Kristo?

Wa Magharibi
Hakuna kitu. Hiyo ndiyo inaniuma. Imani ni moja, kitabu ni kimoja. Kwa hiyo mtu akiniambia nikienda nimeasi imani sielewi nimeasi kipi.

mama_Tofa
Meza. Umeacha meza ya Bwana. Mkeo na mama yako hawawezi kupokea ekaristi kwa kikombe chako ukirudi na upadre. Hilo umewaambia?

Wa Magharibi
Mama anajua nasafiri kusoma. Hajui ni kwa upande gani.

Mswahili Pwani
Ndugu yangu mwambie mama kabla ya mtu mwingine kumwambia.

Fundi Bomba
Naondoa neno chai. Mtu akitunga stori hajiweki pabaya namna hii. Mtoto je?

Wa Magharibi
Mtoto atabatizwa kule darasani kabla sijaondoka, na padre atakayetumwa na askofu wa zamani. Mke wangu ameshikilia hilo na mimi nimekubali, msimamizi atakuwa dada yake. Lakini kwenda naenda. Mama naongea naye Jumamosi.

Kiambu Halisi
Jumamosi asubuhi, sio usiku. Mpe siku nzima ya kukuuliza.