Ng'ombe ananyweshwa ndoo MOJA kwa siku, halafu mimi ndiye naitwa tapeli

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe.

Miezi minne iliyopita nilimuuzia jamaa wa kijiji cha jirani, huku Kilimanjaro, mtamba wangu (jike ambaye hajawahi kuzaa) chotara wa Friesian mwenye mimba ya miezi saba. Mama yake nakamua lita 14 kwa siku. Sasa jamaa amekaa kwenye kituo cha maziwa anatangaza nimempiga, eti ng'ombe anatoa lita 4, asubuhi na jioni zikijumlishwa. Na ana miezi miwili tu tangu azae, wakati ambao maziwa yanatakiwa kuwa juu kabisa. Jana nikaenda mwenyewe.

Sijalala vizuri mpaka leo. Tope limemeza kwato zote, hakuna hata kona kavu ya kulala. Mbavu nilianza kuzihesabu kabla sijafika bandani. Horini kuna mgomba uliokatwakatwa na mabua makavu, basi. Pembeni ndoo ya lita 20, tupu. Namuuliza anakunywa mara ngapi, ananijibu: "Asubuhi inatosha, mgomba si una maji?"

Jamani! Ng'ombe anayetoa lita 10 tu anataka lita 60 za maji na zaidi kwa siku, na jua likiwaka anaongeza. Maziwa yenyewe asilimia 87 hivi ni maji, unategemea ayatoe wapi? Mgomba kweli una maji, ila lishe yake ni ndogo mno, unajaza tumbo tu. Pumba hajanunua, mashudu hajui bei yake, jiwe la chumvi hakuna.

Najua vijiji ambako akina mama wanabeba maji kichwani kutoka bondeni. Hao siwagusi. Huyu ana bomba uani kwake!

Ndama alikuwa dume, akafa siku ya tano. Dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, walikamua wakapika nyumbani, ndama akaachiwa ya kuonja. Ndama anazaliwa hana kinga mwilini, anaipata kwenye dang'a ya saa zile za mwanzo. Ukimnyima hiyo umemuua, na huyo alikuwa mjukuu wa ng'ombe wangu.

Halafu chuchu moja ya nyuma imevimba, ya moto, ukiigusa anarusha teke. Kiwele kinaumwa kwa kulalia lile tope. Alichomwa antibayotiki juzi, na maziwa yakaendelea kwenda kituoni siku hiyohiyo, wakati kichupa kimeandikwa siku za kusubiri kabla maziwa hayajanywewa na watu. Watoto wa watu wanakunywa hayo!

Nilimwambia namrudishia hela yake yote nimchukue ng'ombe. Hataki. Anataka nusu ya hela arudishiwe na ng'ombe abaki palepale topeni.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo. Mliowahi kufikisha kesi ya namna hii, nianzie kwa afisa mifugo wa kata au kwa mtendaji wa kijiji? Picha ninazo. Nataka nitoke kesho asubuhi.