Wajukuu wa Kilosa 🌿 (wanachama 23)

JUMANNE

Da Neema: Jamani habari za jioni. Jumamosi saa moja usiku hapa kwangu Baltimore, tunacheza karata, ishirini na moja kama kila mwaka. Safari hii sitaki ugomvi wa jozi, naandika mapema.

Da Neema: Ree (A) mbili, pasua, yaani zitenganishe ziwe mikono miwili. Nane mbili, pasua, hata mgawaji akionyesha kumi. 16 ni mkono mbovu kuliko yote: ukiomba karata unapita 21, ukitulia unaliwa. Bora uweke dau la pili, kila nane ianze upya.

Da Neema: Tano mbili usipasue. Hiyo ni 10, ongeza dau akionyesha 2 hadi 9. Kumi mbili USIGUSE. Una 20 mkononi, unatafuta nini tena?

Da Neema: Naona tiki za bluu. Semeni kitu.

Beni: Nimesoma mpaka "saa moja usiku". Pilau lipo?

Da Neema: Lipo, wewe lete barafu. Na hiyo ya kumi nimekuandikia wewe.

Beni: Tulishayamaliza hayo.

Tito: Hatujayamaliza. Mgawaji ana 6, mimi nina 11 nimeongeza dau, wewe unapasua kumi zako. Ile kumi uliyovuta ilikuwa yangu.

Beni: Iliandikwa jina?

Mama Junia: Nani anampokea Mama Mdogo uwanjani Ijumaa? Ndege inatua saa tano usiku.

Beni: Mama Mdogo ni ree, anahesabiwa 1 au 11 kutegemea ameamkaje 😂

Shangazi Tumaini: 😂😂😂😂

Mama Junia: Naomba jibu la ndege.

Da Neema: Linakuja. Tito, Beni aliharibu mkono wake, wako hakuuiba. Karata ya juu hakuna aliyeijua, ingeweza kuwa 2 akakuepushia. Tuendelee. Tisa mbili, pasua akionyesha 2 hadi 9, isipokuwa 7.

JUMATANO

Flora: Da shikamoo, ndiyo naamka huku Morogoro. Kwa nini 7 isiwemo?

Da Neema: Marahaba mdogo wangu. Karata 16 kati ya 52 zinahesabiwa kumi, kwa hiyo akionyesha 7 mara nyingi anaishia 17. Wewe una 18, tulia. Kwa kumi na ree yake pia tulia. Jozi za 2, 3 na 7, pasua akiwa na 2 hadi 7. Sita, 2 hadi 6. Nne ziache, ila akionyesha 5 au 6, maana kwangu ukipasua unaruhusiwa kuongeza dau.

Flora: Nani alikaa akapiga hesabu zote hizi?

Da Neema: Wanajeshi wanne, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, kambini Aberdeen, hapahapa Maryland. Walitumia mashine za kujumlisha za mezani, wakachapisha 1956. Na hata ukifuata yote, kasino bado inakuzidi kidogo. Ndiyo maana sisi tunachezea maharage.

Tito: Mwaka jana hayakuwa maharage.

Mama Junia: Tito.

Tito: Dola 140. Mpaka leo.

Baba Mkubwa: Nimesoma yote. Neema mwanangu, hesabu zako ni nzuri. Marehemu mdogo wangu naye alizijua hesabu. Shamba la mtoni mnajua liko kwa nani. Hela isiwekwe mezani.

ALHAMISI

Da Neema: Shikamoo Baba Mkubwa. Tumesikia.

Shangazi Tumaini: Amina.

Beni: Shikamoo Baba Mkubwa. Tito, nakutumia 70 kesho.

Tito: Nilisema 140.

Da Neema: Basi ni maharage, na mabichi jamani, msilete ya kopo. Nani anayo?

Flora: Da, ukipasua ree halafu ukaangukiwa na kumi, ni blekijeki, ile 21 ya karata mbili za mwanzo?

Da Neema: Hapana, ni 21 ya kawaida, hulipwi tatu kwa kila mbili ulizoweka. Na kila ree unaongezewa karata moja tu. MAHARAGE nani analeta?

Mama Junia: Na uwanjani?

Beni: Saa tano usiku ya Ijumaa, au ile ya kuamkia Ijumaa?