"Rangi ya oili mpya," eti! Yule fundi amenimaliza

Mwana_SouthC: Jamani, yule fundi mnamjua. Yule wa Grogan, kule kwenye magereji ya Nairobi, wa kofia. Nimetoka kwake sasa hivi, mikono inatetemeka.

Gari lilianza kusita nikipanda Valley Road. Naweka D, gia ya kwenda mbele, linafikiria kwanza, halafu linaruka kama punda aliyechapwa. Nikamwambia apime oili ya giaboksi. Akachomoa kijiti. Wallahi kikatoka na yoghati ya stroberi! Pinki, nzito, na povu juu. Akanusa kidole, akanitazama machoni: "Boss, hiyo ni rangi ya oili mpya."

Oili mpya! Oili yangu ni nyekundu, inapitisha mwanga. Hii ilikuwa uji wa mgonjwa. Na rejeta, ile ya kupoza maji ya injini, aliniwekea yeye mwenyewe mwezi jana, ya mtumba! Mrija wa kupoza oili ya giaboksi umo humo humo ndani ya rejeta. Ukitoboka, maji na oili vinaoana bila mahari. Na mtu ananusa kidole, "oili mpya"! Halafu elfu mbili za "kuangalia".

Dereva_Mstaafu: Na wewe uliona pinki ukaendesha hadi South C? 😂 Maji yanabandua zile klachi za ndani. Usiliwashe tena. Badilisha rejeta kwanza, kisha umwage oili na kujaza upya, mara mbili tatu, mpaka itoke nyekundu. Ukichelewa, giaboksi yote inafunguliwa.

Mwana_SouthC: NILIENDESHA KWA SABABU ALISEMA NI OILI MPYA.

Mama_Pacha: Wewe una afadhali. Langu ni CVT, ile giaboksi ya otomatiki ya mkanda yenye oili yake maalum, fundi wangu akajaza oili ya giaboksi ya kawaida, "zote ni majimaji, madam." Sasa linalia kama mbuzi wa Krismasi.

Kaa_Mbali: Mimi niliuziwa gari lililooga mafuriko ya 2024. Limepuliziwa manukato, nikadhani ni la bibi harusi. Kuinua zulia, matope. Mpaka kwenye reli za viti.

Dereva_Mstaafu: Hukuinua zulia kabla ya kulipa?

Kaa_Mbali: Manukato yalikuwa mazuri, mzee.

GiaYaTatu: Kwani yule mama wa chapo madondo hapo Grogan bado yupo?

Mama_Pacha: Yupo, ila chapo zimekonda.

Mwana_SouthC: Jamani, giaboksi yangu?

GiaYaTatu: Na madondo je?