Mjadala: Prepu ya lazima inajenga mazoea ya kusoma, au inafundisha kukaa kimya tu?

Mwanzisha mada

Wakuu, naiweka hoja mezani. Shule nyingi za sekondari zina saa za lazima za kujisomea. Kengele ikilia kila mtu yuko kwenye dawati, na mwalimu wa zamu anapita katikati ya mistari. Wanaoitetea prepu wanasema hivi ndivyo mwanafunzi anavyojengewa mazoea ya kusoma. Mimi naona zoea linalojengwa pale ni moja tu: kusubiri kengele ya pili.

Sipingi muda kupangwa. Ninachopinga ni kwamba tunasimamia makalio, kinachofanyika juu ya dawati hatukijui. Pita ukaangalie: wengi wanarudia kurasa zilezile za daftari huku wakizipigia mistari ya rangi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo matini fupi. Kundi moja liliisoma katika vipindi vinne. Jingine liliisoma katika kipindi kimoja, halafu mara tatu likaandika lilichokumbuka bila kuchungulia. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja kibao kikageuka: 40 kwa 61.

Hizo dakika tano ndizo zinazonitisha. Aliyerudia kusoma anafunga daftari akiamini somo limeingia, na kwa wakati ule hakosei. Prepu inampa imani hiyo kila usiku, hadi siku ya mtihani.

Pendekezo langu: kidato cha kwanza wapangiwe kila kitu, saa, mahali, hata swali la kuanzia. Kisha kila mwaka shule iachie kitu kimoja, na anayekaribia kumaliza awe anajipangia mwenyewe. Sasa hivi tunafanya kinyume. Kadiri mwanafunzi anavyokua ndivyo anavyoongezewa prepu za lazima, halafu anaingia chuoni ambako hakuna kengele, na tunashangaa anapopotea.

Mwalimu wa kemia

Ndugu, umesema vizuri ila umesema kutoka mbali. Ondoa kengele uone ni nani ataendelea kusoma. Ni yule mwenye chumba chake, mwenye mzazi anayeuliza umesoma nini leo. Yule anayerudi kwenye nyumba yenye kelele na kazi za kufanya, kwake saa ile ya lazima ndiyo meza na ndiyo taa. Uhuru unaoupigia debe una wenyewe.

Halafu mazoea hayajengwi kwa siku 21 kama wanavyopenda kusema wahamasishaji. Hiyo 21 inafuatwa nyuma hadi kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura, aliyeandika mwaka 1960 kuhusu muda ambao wagonjwa wake walichukua kuzoea uso mpya. Kuzoea pua mpya na kuzoea hesabu ni mambo mawili! Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa London walipowafuatilia watu waliojaribu kuanzisha zoea dogo la kila siku, matokeo yao ya mwaka 2010 yalionyesha muda wa kati ni siku 66, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya 254. Kwa hiyo muhula mzima wa kengele si ukatili. Ni mwanzo tu.

Nitakuachia moja. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kukosa mara moja hakuvurugi zoea linalojengwa. Kumpa mtoto adhabu kwa usiku mmoja aliokosa prepu, hilo hata mimi silitetei.

Mwanafunzi, kidato cha tano

Shikamooni wote. Mwalimu, kwa heshima, tukipewa maswali prepu inaenda haraka. Tukiambiwa "someni" nafungua daftari, nasoma kidogo, nyingine ni kugeuza kurasa mwalimu anapopita. Tangu kidato cha kwanza naambiwa nisome kwa bidii. Hiyo bidii inafanywaje? Hakuna aliyewahi kunionyesha.

Mzazi

Mnagombania prepu, usingizi hamuugusi. Madaktari wa usingizi wa Marekani walishauri mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Umri wa balehe unasogeza mbele saa ya usingizi ndani ya mwili, kwa hiyo anayeshindwa kuamka alfajiri si lazima awe mvivu. California ilitunga sheria, ikaanza kutumika mwaka 2022, kwamba shule nyingi za sekondari za juu zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Sisi tunawaamsha gizani wakajisomee, kichwa kiko kwenye dawati. Hata ile mbinu ya kujiandikia unachokumbuka inahitaji mtu aliye macho.

Mwalimu mstaafu

Marahaba mwanangu wa kidato cha tano. Swali lako ni zito kuliko yote yaliyoulizwa hapa, na majibu yake yamegharimu watu fedha nyingi. Mchumi Roland Fryer aliendesha majaribio ya kuwalipa wanafunzi katika miji kadhaa ya Marekani, akachapisha matokeo mwaka 2011. New York na Chicago walilipwa kwa alama: ufaulu haukupanda kwa kiwango cha kuonekana. Dallas, watoto wa darasa la pili walilipwa dola 2 kwa kila kitabu walichosoma na kujibu maswali yake, na uelewa wa kusoma ukapanda kwa waliopimwa kwa Kiingereza, ingawa kwa watoto wote kwa pamoja tofauti haikuonekana. Wale wa alama walizitaka fedha, tena sana, ila walipoulizwa wafanye nini ili alama zipande hawakuwa na jibu la maana. Sasa "soma kwa bidii" ina tofauti gani na hapo, zaidi ya kwamba haina hata hizo dola?

Mwanzisha mada

Mwalimu wa kemia, hoja ya meza na taa nimeipokea. Saa ibaki. Lakini basi tuijaze kitu. Dakika kumi za mwanzo madaftari yafungwe, kila mtu aandike anachokumbuka cha jana na cha wiki iliyopita, ndipo afungue asahihishe mwenyewe. Kurudia kwa kuachanisha siku si jambo jipya, mwanasaikolojia Mjerumani Ebbinghaus aliliandika mwaka 1885. Na mwaka 2013 mtafiti Dunlosky na wenzake walipopitia mbinu kumi za kujisomea, kujipima na kutawanya vipindi vilipewa daraja la juu. Kusoma upya na kupigia mistari vikaangukia daraja la chini kabisa. Mwanafunzi wetu, anzia hapo.

Mzazi, prepu ya alfajiri ifutwe. Sina cha kubishana na wewe.

Bado sijajibiwa kuhusu kuachia. Mwaka wa mwisho, mwanafunzi ajipangie au asijipangie?

Mwalimu wa kemia

Dakika kumi za daftari lililofungwa nazichukua, tena nitaanza na darasa langu. Kuachia nako sikatai kwa maneno. Ila mwaka wa kwanza wa kuachia watakuwepo watakaozembea, lazima, na matokeo yatabandikwa ukutani kama kawaida. Atakayeitwa ofisini kujieleza siku hiyo ni wewe au ni mimi?