Mada: Redio ya kazini, na je, wimbo wa Kiswahili unahesabika kuwa wa Kanada?

Kutoka: Idrisa (Brampton)

Habari zenu wadau,

Nina maswali mawili, moja la porojo na moja la pesa.

La porojo kwanza. Nafanya kazi kwenye ghala la vipuri, zamu ya usiku, na redio iko kwenye stesheni ya zilipendwa tangu tunaingia mpaka tunatoka. Wenzangu ni watu wema, wengi wamezaliwa hapa hapa Ontario, ila mapumzikoni wanazungumzia bendi ambazo sijawahi hata kuzisikia. Wiki iliyopita ulipigwa wimbo wa Tragically Hip. Msimamizi akapandisha sauti, forklifti mbili zikasimama, mzee mmoja akavua kofia akaishika kifuani. Mimi nimebaki na skana mkononi kama mpita njia aliyejikuta matangani. Naombeni vya kuanzia tu, nisionekane nimeshuka na ndege ya jana.

La pesa: napiga gitaa tangu niko Tanga. Nimerekodi nyimbo kadhaa hapa, kwenye chumba cha chini cha rafiki yangu. Nimetunga mwenyewe, naimba mwenyewe, zote Kiswahili. Kuna mtu kaniambia sheria inazilazimisha redio za huku kupiga muziki wa Kanada. Mimi nina ukaazi wa kudumu, uraia bado. Je, nyimbo zangu zinahesabika, au mpaka niimbe Kiingereza?

Idrisa

Kutoka: Mama Zuhura (Kingston)

Mdogo wangu Idrisa, hilo la kofia naliweza, maana naishi kwenye mji wao.

Tragically Hip ni bendi ya Kingston. Mwezi Mei 2016 walitangaza kwamba mwimbaji wao, Gord Downie, ana saratani ya ubongo isiyo na tiba. Badala ya kwenda kujilaza, wakapanga kuzunguka nchi kwa mara ya mwisho. Shoo ya kufungia ilikuwa hapa nyumbani, Jumamosi tarehe 20 Agosti 2016. CBC, redio na televisheni ya taifa, ambayo wakati huo ilikuwa ikirusha Olimpiki ya Rio, iliweka michezo kando ikaonyesha shoo nzima moja kwa moja bila tangazo la biashara. Waliotazama walikuwa watu milioni 11.7. Nchi nzima wakati ule ilikuwa na watu kama milioni 36, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe.

Mtaani kwetu watu walitoa televisheni kwenye baraza. Jirani yangu mmoja, ambaye kwa miaka yote hajawahi kunipa zaidi ya kutikisa kichwa, alinivutia kiti akasema kaa. Wimbo mmoja ukiisha ananieleza mji uliotajwa ndani yake uko wapi. Hapo ndipo nilipoelewa: nyimbo zao zinataja miji midogo, maziwa, wachezaji wa hoki, hata mtu aliyefungwa miaka mingi kwa kosa asilolitenda. Kwa wenzetu hawa, kusikia jina la kijiji chao redioni ni jambo kubwa, kwa sababu kila kitu kingine kinatoka Marekani.

Waziri Mkuu wa wakati huo, Justin Trudeau, alikuwa ukumbini. Downie akamtaja kwa jina mbele ya umati, akamkumbusha wenyeji asilia wa kaskazini na hali yao. Downie alifariki Oktoba 2017.

Ushauri wa kazini: usiulize, "Mbona hawakuvuma Marekani?" Ni kweli hawakuvuma, na watu wana kidonda hapo pamoja na fahari. Uliza, "Wewe unapenda wimbo wao upi?" kisha nyamaza. Zamu itaisha hujashtuka.

Na ukisikia Gordon Lightfoot anaimba juu ya meli, ni Edmund Fitzgerald, iliyozama Ziwa Superior tarehe 10 Novemba 1975 na mabaharia wote 29. Novemba ikifika utausikia sana.

Kutoka: Baba Asha (Winnipeg)

Salaam kwenu nyote,

Idrisa, jibu fupi ni ndiyo, zinahesabika, na Kiswahili hakina neno. Ngoja nikueleze kwa kirefu, maana najitolea kwenye redio ya chuo na fomu hizi nazijaza kila wiki.

Zamani redio za Kanada hazikutaka muziki wa Kanada. Mwaka 1965 bendi moja ya hapa Winnipeg ilitoa wimbo, na kampuni ya rekodi ikaogopa kwamba watangazaji wakijua hawa ni vijana wa Winnipeg wataitupa santuri kapuni. Wakaituma bila jina la bendi, imeandikwa tu "Guess Who?", yaani kisia ni nani. Watangazaji wakadhani ni Waingereza, wakaupiga, ukavuma, na jina likawaganda mpaka leo. Mei 1970 hao hao Guess Who wakafika namba moja kwenye chati ya Billboard kule Marekani kwa "American Woman", bendi ya kwanza ya Kanada kufanya hivyo.

Sasa fikiria: mnaweza kushika namba moja Marekani, lakini nyumbani mlianza kwa kujificha. Ndiyo maana CRTC, mamlaka ya utangazaji, chini ya mwenyekiti wake Pierre Juneau, ikaweka sharti kuanzia Januari 1971: redio za AM zipige muziki wa Kanada asilimia 30. Baadaye ikapanda hadi 35 kwa redio nyingi za biashara. Wenye redio walipiga kelele kwamba hakuna nyimbo za kutosha. Zikapatikana. Tuzo za Juno, zile tuzo kubwa za muziki wa Kanada, zimebeba jina la huyo Juneau.

Wanapima hivi: nani katunga muziki, nani msanii, imerekodiwa wapi, na nani kaandika maneno. Viwili kati ya vinne vikiwa vya Kanada, wimbo umepita. Siku hizi wanayafumua masharti hayo, kwa hiyo soma tovuti ya CRTC kabla hujajaza chochote, lakini wewe umetunga, umeandika na umeimba, sioni watakavyokuacha nje.

Na "Mkanada" kwenye sheria hii si mwenye pasipoti tu. Mkaazi wa kudumu yumo. Hata mtu ambaye makazi yake ya kawaida yalikuwa Kanada kwa miezi sita mfululizo kabla ya kushiriki kwenye kazi hiyo yumo. Wengi wetu hatujui hili, tunakaa tunangoja uraia.

Wakati mwingine sheria hiyo iliwageukia wenyewe. Mwaka 1991 Bryan Adams, Mkanada wa kutajwa duniani kote, wimbo wake ulikaa namba moja Uingereza wiki 16 mfululizo. Nyumbani albamu yenye wimbo huo ikahesabiwa si ya Kanada! Alitunga na kuandika pamoja na prodyuza Mutt Lange, ambaye si Mkanada (ni mzaliwa wa Mufulira, Zambia ya leo, kama mlikuwa hamjui), na sehemu kubwa wakarekodi nje. Adams alikasirika hadharani, magazeti yakachangamka, na mwaka 1993 wakalegeza kanuni kwa kazi za ubia. Lange mwenyewe akaja kumwoa Shania Twain wa Ontario, wakatunga pamoja albamu ya 1997 iliyouza zaidi ya nakala milioni 40. Kwa hiyo, Idrisa, ukitunga na mtu aliyeko Tanga, andikeni mapema nani kafanya nini na kwa asilimia ngapi, mtie saini.

Jambo jingine: piga picha gitaa lako. Randy Bachman wa Guess Who aliibiwa Gretsch yake, gitaa la rangi ya machungwa, hotelini Toronto mwaka 1976. Aliinunua akiwa kijana kwa pesa za vibarua vya kukata nyasi. Miaka zaidi ya arobaini baadaye shabiki mmoja akailinganisha picha yake na picha za mtandaoni, akafuata alama ndogo kwenye mbao, akaikuta mikononi mwa mwanamuziki wa Japani. Bachman akarudishiwa Tokyo tarehe 1 Julai 2022, baada ya kumpa yule bwana gitaa jingine linalofanana nayo. Picha ya mbele, ya nyuma, na namba iliyoandikwa ndani. Bima ya mpangaji pia inakubali vyombo vya muziki, ila waambie bei yake kabla, siyo baada ya kuibiwa.

Kutoka: Salim (Windsor)

Shikamoo Baba Asha. Nimekusoma, ila usimtie mwenzetu matumaini ya bure.

Sheria inasema asilimia 35, haisemi asilimia 35 ya kina Idrisa. Redio ya biashara inatimiza kwa kupiga wale wale: Bryan Adams, Rush, Guess Who wako, Tragically Hip wa Mama Zuhura. Miaka ya sabini walikuwa wanazirundika nyimbo za Kanada usiku wa manane na alfajiri wakati hakuna anayesikiliza, wakaziita kwa dhihaka saa za beaver, yule mnyama wa kwenye senti 5. Hapa Windsor kulikuwa na CKLW, redio ya wati 50,000, ikisikika Detroit na Cleveland, mkurugenzi wake wa muziki Rosalie Trombley akisema huu umo basi nyota imezaliwa. Kanuni ya 1971 iliwabana washindane na redio za Detroit ambazo hazikuwa na sharti lolote. Wazee wa hapa mpaka leo hawajasamehe.

Na sisi weusi tulikaa foleni muda mrefu zaidi. Mwaka 1998 kundi la Rascalz la Vancouver lilishinda Juno ya rapu, wakaikataa. Kwa nini? Tuzo hiyo ilikuwa inatolewa pembeni, kabla kamera hazijawashwa. Mwaka uliofuata ikahamishiwa jukwaani, kwenye televisheni, na wakashinda tena. Hicho ndicho kisa ningemwambia mgeni akisimulie kazini.

Kutoka: Baba Asha (Winnipeg)

Marahaba Salim. La Rascalz nakubali kabisa. La redio za biashara pia, ndiyo maana nimetaja redio ya chuo. Sisi hatungoji kampuni ya rekodi, tunapokea faili kutoka kwa mtu yeyote. Ila usidharau hao "wale wale". Bila asilimia 30, nusu yao usingewajua.

Kutoka: Furaha (Ottawa)

Jambo ndugu zangu,

Mbona mmeruka wa kwetu? Mwaka 2005 Juno ya muziki wa dunia ilikwenda kwa African Guitar Summit, wapiga magitaa wa Kiafrika wanaoishi Kanada waliokutanishwa na CBC: Adam Solomon kutoka Kenya, Alpha Yaya Diallo kutoka Guinea, Madagascar Slim, na Mighty Popo wa hapa Ottawa, mzaliwa wa Bujumbura, wazazi wake Wanyarwanda. Popo baadaye alirudi Rwanda akaongoza shule ya muziki ya Nyundo. Isikilizeni. Mle kuna gitaa la kwetu kabisa, na kwenye makaratasi ni muziki wa Kanada.

Sasa Idrisa, pesa. Kupigwa redioni peke yake hakuleti senti kama hujajiandikisha.

Kwanza SOCAN. Hao ndio wanaokusanya mirabaha ya watunzi. Mtunzi halipi kujiunga, unafanya mtandaoni. Ukishakuwa mwanachama, sajili kila wimbo peke yake, na jina uliandike vile vile kila mahali. Mimi nina wimbo uliosajiliwa kwa majina mawili tofauti na bado nahangaika kuunganisha.

Pili, mirabaha ya mtunzi ni kitu kimoja, ya mwimbaji na mpigaji ni kitu kingine. Hiyo ya pili iko chini ya Re:Sound. Wengi wetu tunachukua ya kwanza, ya pili tunaiacha mezani.

Tatu, shoo zako. Ukipiga nyimbo zako kwenye tamasha au ukumbi wenye leseni, peleka SOCAN orodha ya nyimbo ulizopiga. Wanalipa na hizo. Weka bango la shoo na mkataba kama ushahidi.

Na akija mtu wa "nitakusajili kwa dola 300", mkimbie. Kuna mmoja alinila hela hivyo hivyo nikiwa mgeni, akaenda kujaza fomu ile ile ya bure.

Kutoka: Idrisa (Brampton)

Asanteni sana wote, Mama Zuhura shikamoo. Nimejiunga SOCAN jana usiku baada ya zamu, nasubiri barua pepe yao. Ya kofia nimeitumia pia: nilimuuliza yule mzee wimbo anaoupenda, na kweli sikusema neno lingine mpaka saa kumi alfajiri.

Bado moja. Aliyenipigia ngoma yuko hapa kwa kibali cha kazi, ana miezi minne tu. Ataniharibia hesabu?

Kutoka: Baba Asha (Winnipeg)

Hapana. Mpiga ngoma si mtunzi wala si msanii mkuu. Wanatazama jina lako. Ila mlipe, na mwandike jina lake kwenye maelezo ya wimbo.

Nitumie nyimbo mbili kabla ya Ijumaa nizipeleke kwa mratibu wa muziki. Faili liwe WAV, lenye sauti kamili isiyobanwa, siyo lile lililopita WhatsApp. Na jina la wimbo ulitafsiri kwa maneno machache pembeni, mtangazaji wetu wa asubuhi hupenda kujua anachokitambulisha.